Mtu wa Kumi: Kilima cha Nabugoye na Swali la Kujitolea



Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Kigali hunyamaza. Maduka ya Nyamirambo hufunga milango, mabasi hayatembei, na pikipiki za abiria, ambazo huku kwetu tunaziita moto na ambazo siku nyingine hazikuachi uvuke barabara kwa amani, hutoweka kana kwamba ardhi imezimeza. Watu wamo mitaroni na majembe yao. Wanafyeka vichaka, wanaziba makorongo, wanabeba matofali ya chumba cha darasa. Huo ndio umuganda. Kazi ikiisha, wakazi wa mudugudu huketi pamoja wakazungumza habari za usalama, za mituweli na za ujirani.

Siku moja niliandika ubaoni neno kujitolea, nikawataka wanafunzi walitungie sentensi. Mmoja akaandika kwamba wazazi wake hujitolea kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jirani yake akainua mkono, akapinga: "Mwalimu, wasipokwenda wanaweza kutozwa faini. Hapo wamejitolea, au wametolewa?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana yule alikuwa ameuliza swali la sarufi na swali la uraia kwa pumzi moja, na kengele ikalia kabla sijapata la kumjibu.

Jibu la sarufi ni jepesi. Katika kutoa kuna mtoaji na kitu kinachotolewa. Katika kutolea ameongezeka anayetolewa kwa ajili yake. Tukiingiza kiambishi -ji- tunasema kwamba mtoaji na kinachotolewa ni mmoja: sadaka ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana neno hili linakataa kugeuzwa kuwa la kutendeshwa. Mtu akisema "tulijitoleshwa", wasikilizaji wanajua kwamba anatania, tena anatania kwa uchungu.

Jibu la uraia ni refu zaidi, na nimelipata mahali ambapo huenda usingenituma kulitafuta: katika historia ya jumuiya ya Wayahudi weusi wanaoishi mashariki ya Uganda, karibu na mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgoni. Wao wenyewe hujiita Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Nimewachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, dini yao ina kanuni moja ya kuhesabu watu ambayo inaligusa swali la kijana wangu moja kwa moja. Ya pili, jumuiya yao ilianzishwa kwa amri ya mtu mkubwa, ikaja kuokolewa na watu wadogo ambao hawakuamriwa na yeyote.

Nianze na kanuni. Myahudi anaweza kusali peke yake nyumbani, njiani au shambani. Lakini ziko sala ambazo haziruhusiwi kusomwa mpaka wakutane watu wazima kumi. Idadi hiyo huitwa minyani. Wakiwa tisa, hata kama wote tisa ni wanazuoni, husubiri. Wayahudi wenyewe wana msemo kwamba marabi tisa hawatoshi, lakini washona viatu kumi wanatosha. Walimu wao wa kale waliitoa idadi hiyo katika Kitabu cha Hesabu, kwenye kisa cha wapelelezi waliotumwa kuichungulia nchi ya Kanaani: kumi kati yao walirudi na habari za kuwavunja watu moyo, na Maandiko yakawaita kusanyiko. Tafakari ajabu ya jambo hili, msomaji wangu. Kumi wale walikuwa wakosaji! Hesabu haiulizi kama wewe ni mcha Mungu kiasi gani. Inauliza kama umekuja.

Mojawapo ya sala zinazodai watu kumi ni kadishi, ile inayosomwa na mfiwa. Mtu aliyefiwa na mzazi huisoma kwa muda wa miezi 11. Haitaji kifo hata mara moja. Inamtukuza Mungu tu. Na haiwezi kusomwa na mfiwa aliyejifungia chumbani. Ni lazima watu wengine tisa watoke majumbani mwao, mvua inyeshe isinyeshe, wasimame naye na kumwitikia amina. Asipofika mtu wa kumi, mfiwa anarudi nyumbani na sala yake kifuani.

Sisi Wanyarwanda hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo. Tunalo neno gutabara, kwenda kumsaidia aliyepatwa na msiba, na wazee wetu walikuwa na vikundi vya ingobyi, machela ya kusokotwa ambayo majirani waliibeba mabegani kwa zamu ili kumfikisha mgonjwa kwa tabibu. Machela haibebwi na mtu mmoja. Na Waislamu wa mwambao, pamoja na wengi wa hapa Nyamirambo, wanajua kwamba katika madhehebu ya Shafi sala ya Ijumaa ina hesabu yake pia, watu 40. Hata maneno yetu ya Kiswahili Ijumaa, jamaa, jamii na jumuiya ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kukusanyika. Kwa hiyo wazo si geni. Kilicho kigeni kidogo ni ukali wake: kumi, si tisa na nusu.

Sasa twende Mbale.

Semei Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka 1869, akakulia katika siasa za Buganda, akawa jemadari hodari na Mkristo wa Kiprotestanti. Waingereza walipoitwaa Uganda alikuwa upande wao. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata wafalme wawili, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Kisha akaenda mashariki na askari wake, akaitiisha nchi iliyoitwa Bukedi na kuweka msingi wa mji wa Mbale. Alitumaini kuwa mfalme huko. Waingereza walipoona amekuwa mkubwa mno, walimpunguzia eneo na cheo. Wakamwachia ardhi ya maili 20 za mraba na kinyongo kikubwa.

Sitaki kumpamba mtu huyu. Watu wa Bukedi hawakumwalika. Aliwatawala kwa bunduki na kwa kazi za lazima, na barabara nyingi zilizosifiwa na wageni zilichimbwa na mikono ambayo haikuulizwa kama inataka. Lakini alikuwa pia msomaji wa Biblia asiyechoka. Mwaka 1913 hivi alijiunga na Wamalaki, kundi la Kikristo lililokataa dawa za hospitali na kuitukuza Sabato ya Jumamosi. Kadiri alivyoyasoma Maandiko ndivyo alivyosimama kwenye vitabu vitano vya Musa. Mwaka 1919 akaamua kwamba tohara ni amri isiyofutwa. Akatahiriwa, na wanawe wakatahiriwa. Wamalaki walipomwambia kwamba tohara ni jambo la Wayahudi, akawajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye na watu wake ni Wayahudi.

Hapa niondoe kosa ambalo hulikuta mara kwa mara kwa wanafunzi. Wengine wamesikia kwamba mwaka 1903 Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya makazi "Uganda", wakadhani Abayudaya ni mabaki ya mpango huo. Sivyo. Ardhi iliyopendekezwa ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya, na mpango wenyewe ulikataliwa na Wazayuni mwaka 1905. Kakungulu hakuongozwa na mmisionari wa Kiyahudi, kwa maana hakuwapo. Aliongozwa na kitabu.

Mwaka 1920 alifika kwake mfanyabiashara mmoja Myahudi aitwaye Yosefu, akakaa miezi sita hivi. Aliwafundisha kalenda, sikukuu, na jinsi ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akachapisha kitabu cha kurasa 90 hivi kwa Kiganda, chenye kanuni na sala. Maelfu walimfuata. Lakini jiulize: walimfuata nani? Wengi walimfuata chifu. Alipokuwa Mprotestanti walikuwa Waprotestanti, alipokuwa Mmalaki walikuwa Wamalaki, na sasa alikuwa Myahudi. Hii ni jumuiya iliyosimama juu ya nguzo moja. Mwaka 1928, mwezi Novemba, nguzo hiyo ilianguka.

Baada ya kifo chake watu walipungua. Sababu mojawapo haikuwa na uhusiano na imani hata kidogo: shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mzazi aliyetaka mwanawe asome alijua gharama ya ubatizo. Jumuiya ikagawanyika pia yenyewe kwa yenyewe. Waliobaki chini ya viongozi kama Samsoni Mugombe hawakuwa na chifu wa kuwalinda, wala mshahara, wala rabi aliyesomea kazi hiyo. Walibaki na kitabu, kalenda na wao kwa wao. Anayejua kusoma alisoma. Anayejua kuchinja alichinja. Mwenye nyumba kubwa aliitoa kwa ibada. Mwaka 1962 Arye Oded, Mwisraeli aliyekuja kusoma Makerere, alipowafikia na kuandika habari zao, aliwakuta wakulima wa milimani wanaoitunza Sabato bila kulipwa na mtu na bila kulazimishwa na mtu.

Nadhani hapo ndipo Abayudaya walipozaliwa kweli. Mwaka 1919 ulikuwa mwaka wa amri.

Mtihani mkubwa ulikuja na Idi Amin. Alitwaa madaraka mwaka 1971. Mwaka 1972 akavunja uhusiano na Israeli, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa au kubomolewa. Hukadiriwa kwamba jumuiya iliyokuwa na watu 3,000 hivi ilibakia na 300. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili waishi, wala mimi siwezi kuwahukumu nikiwa nimeketi mezani na chai yangu.

Hebu sasa uitazame ile kanuni ya watu kumi katika miaka hiyo. Mtu mmoja akisali chumbani kwake usiku, nani atajua? Lakini watu kumi wakiingia nyumba moja, kijijini, mbele ya macho ya majirani, tayari ni mkutano. Sala ya hadhara ndiyo iliyokuwa rahisi kuipiga marufuku. Kilichookoka ni yale yaliyofanyika majumbani: taa za Sabato ambazo mama huziwasha Ijumaa jioni, chakula kilichoandaliwa kwa masharti yake, na meza ya Pasaka, ambapo kwa desturi mtoto mdogo kuliko wote ndiye huuliza maswali na wazee hulazimika kumjibu. Watu waliokuwa wamezoea kugawana kazi za ibada hawakumtegemea mkuu mmoja ambaye akikamatwa kila kitu kinakwisha. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake.

Tarehe 11 Aprili 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, liliikamata Kampala. Kwa kalenda ya Kiyahudi jioni ya siku hiyo ilikuwa jioni ya kwanza ya Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Mtunga hadithi angeandika hivyo tungemwambia ametia chumvi.

Uhuru wa kuabudu uliporudi, sinagogi lilikuwa limebomoka na wazee walikuwa wachache. Katika miaka ya 1980 kazi ya kujenga upya ilishikwa na vijana. Walianzisha makazi ya pamoja kwenye kilima cha Nabugoye, kwa mfano wa mashamba ya ushirika ya Israeli yaitwayo kibutzi, wakalima, wakafyatua matofali, wakasimamisha tena nyumba ya sala. Miongoni mwao walikuwapo Joab Jonadab Keki, Aaron Kintu Moses na Gershom Sizomu, mjukuu wa Samsoni Mugombe. Hawa hawakuwa na wafadhili. Wageni wa kwanza wa shirika la Kulanu kutoka Marekani walifika mwaka 1995, matofali yakiwa yamekwisha kukauka zamani. Ninalisema hili kwa makusudi, kwa sababu siku hizi kijana akitaka kuanzisha jambo jema mtaani kwake, hatua ya kwanza ni kuandika ombi la fedha.

Wageni hao, baadhi yao, walikuwa wametoka katika vikundi ambavyo vinafanana na Nabugoye kwa namna ya kustaajabisha. Mwaka 1968, mjini Somerville katika jimbo la Massachusetts, vijana wa Kiyahudi waliochoshwa na masinagogi makubwa, ambamo rabi huhutubia na mwimbaji wa kulipwa huimba huku waumini wakiketi kama watazamaji wa sinema, walianzisha Havurat Shalom. Havura maana yake ni urafiki au ushirika. Waliketi chini kwa duara, wakaongoza sala kwa zamu, wakapika na kusafisha wenyewe. Mtindo huo ulienea Marekani nzima, ukaandikiwa vitabu, ukasifiwa kuwa kitu kipya. Wakulima wa Mbale walikuwa wameuishi kwa miongo kadhaa, kwa sababu rahisi kwamba hawakuwa na fedha za kumlipa mtu awafanyie.

Kundi la namna hiyo huendeshwaje? Anayeongoza sala huitwa kwa Kiebrania mjumbe wa kusanyiko. Si lazima awe rabi. Ni mtu yeyote mzima anayeijua sala, na wiki ijayo atakuwa mwingine. Yuko mwenye kazi ya kugawa zamu: nani atasoma Torati, nani ataitwa kuibariki, nani ataibeba. Yuko mwenye kufagia, mwenye kuleta maji, mwenye kupokea wageni, mwenye kumtembelea mgonjwa. Liko pia kundi la wanaoosha maiti na kuzika, na Wayahudi huihesabu kazi hiyo kuwa wema ulio safi kuliko wote, kwa kuwa aliyetendewa hawezi kukulipa. Kujifunza kuongoza huanza utotoni, kwani akitimiza miaka 13 kijana huhesabiwa mtu mzima wa ibada. Siku hiyo hafanyiwi sherehe tu, anapewa kazi.

Nyimbo za Nabugoye nazo ni zao wenyewe. Zaburi wanaziimba kwa Kiganda na Kiebrania, kwa ngoma na gitaa, kwa sauti ambazo baadhi zilitungwa na wanajumuiya akiwamo Keki. Zilipotolewa katika albamu mwaka 2003 na Smithsonian Folkways, albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Usidhani kwamba mambo ni shwari tu huko. Mwaka 2002 marabi wa tawi la Wakonsavati kutoka nje walikuja kuwasilimisha rasmi mamia ya Abayudaya. (Nisamehe kwa neno kuwasilimisha; Kiswahili kimeazima mlango huu kwa Waislamu na hakijajenga mwingine.) Wengine walikataa: kwa nini tuingizwe upya katika nyumba ambamo babu zetu wamelala tangu 1919? Pia walihitilafiana juu ya nani ahesabiwe katika kumi. Nabugoye wanawake huhesabiwa na husoma Torati. Katika kijiji cha Putti, kinachofuata mwendo wa Kiorthodoksi, wanaohesabiwa ni wanaume. Ukitaka kujua thamani ya kuhesabiwa, muulize aliyekaa miaka mingi chumba kimoja na watu tisa huku wakimsubiri wa kumi afike, naye yupo pale pale, anawatazama. Na wizara husika ya Israeli nayo imekuwa nzito kuwatambua wote hata baada ya hayo. Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akatawazwa mwaka 2008 na kurudi kilimani kwake. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi hata kidogo, walimchagua kuwa mbunge.

Kwa nini walimchagua? Naamini sehemu ya jibu iko katika tabia ambayo jumuiya hiyo iliijenga, ya kutoishia mlangoni pa sinagogi. Shule zao, ya msingi ya Hadassah na ya sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu, zinapokea watoto wa Kikristo na wa Kiislamu. Kituo chao cha afya mjini Mbale kinatibu yeyote. Na mwaka 2004 Keki alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi wakulima wa kahawa wa dini tatu waunde ushirika mmoja. Alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na aliyaona kwa macho majengo yale yakishambuliwa. Alirudi akiwa na wazo kwamba majirani wanaouza pamoja watapata sababu ya kutosikiliza wachochezi. Ushirika wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, uongozi ukagawanywa kati ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na kahawa yao ikauzwa Marekani kwa bei ya haki. Mtu aliyezoea kwamba ibada haianzi bila mwenzake, haimwii vigumu kuelewa kwamba shehena ya kahawa haijai bila jirani.

Turudi Kigali sasa, na kwa kijana wangu.

Umuganda una historia ndefu kuliko sheria yake. Asili yake ni majirani kusaidiana kulima au kuezeka, pasipo ofisi. Mwaka 1974 serikali iliugeuza kuwa wajibu wa kila wiki, na mwaka 1994 wachochezi wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walitumia neno kazi kwa maana ambayo haifai kurudiwa mbele ya watoto, ingawa ni lazima watoto waijue. Mkusanyiko ni chombo tu. Unaweza kujaza makorongo, unaweza kufanya jambo jingine. Umuganda ulirudishwa mwaka 1998 katika nchi iliyobomoka, na sheria ya mwaka 2007 ikaweka masharti tunayoyajua: wenye umri wa miaka 18 hadi 65, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na faini ya faranga 5,000 kwa asiyefika bila sababu.

Mimi siipingi faini hiyo. Nchi yetu ya mwaka 1998 isingeweza kungoja kila moyo ujiamshe wenyewe. Lakini naona tofauti kati ya aina mbili za kuhesabu. Kiswahili kilitupa neno nyumbakumi, ambalo Tanzania ililitumia katika miaka ya 1960 kupitia mjumbe wa nyumba kumi, nasi Rwanda tukalitumia hata tukalifanya la Kinyarwanda. Hapo pia ni kumi! Lakini kumi hiyo inahesabiwa kutoka juu: ofisi inataka kujua nani yupo. Kumi ya minyani inahesabiwa kutoka ndani: mfiwa anatazama mlango. Usipokuja kwenye ya kwanza, unavunja kanuni. Usipokuja kwenye ya pili, unamvunja mtu, tena unamjua jina.

Hapa Kigali hapana jumuiya ya kale ya Kiyahudi kama ile ya Mbale au ya Nairobi. Wayahudi waliopo wengi ni wageni wa kazi, biashara na ubalozi, watu wanaokuja na kuondoka. Na mahali pa watu wanaohamahama, kumpata mtu wa kumi ni kazi ya kila wiki. Lakini mawazo yao yameacha alama katika ardhi yetu. Huko Rwamagana, mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kutoka hapa, kuna kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kilichofunguliwa mwaka 2008 na Anne Heyman, mwanasheria wa Kiyahudi aliyezaliwa Afrika Kusini, kwa ajili ya mayatima. Aliiga kijiji cha Yemin Orde cha Israeli, kilichoanzishwa mwaka 1953 kuwalea watoto, wengi wao mayatima wa mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Agahozo ni mahali machozi yanapofutwa. Shalom ni amani. Vijana hao, waliopokea msaada, hufundishwa kutoka na kuwasaidia majirani, chini ya fundisho la Kiebrania kwamba ulimwengu una nyufa na kila mtu ana sehemu yake ya kuziba. Heyman alifariki mwaka 2014. Kijiji hakikufa naye, na sasa unajua kwa nini ninalitaja hilo.

Liko jambo la mwisho, dogo, ambalo lilinifikisha mbali zaidi na swali la kijana yule. Umuganda huangukia Jumamosi, na Jumamosi ndiyo Sabato. Myahudi anayeishika dini yake hachimbi wala habebi jembe siku hiyo. Waadventista Wasabato, ambao Rwanda wako kwa wingi, wana shida hiyo hiyo, na serikali iliwapa nafasi ya kufanya umuganda wao Jumapili. Nimewahi kuwaona Jumapili asubuhi, mji mzima ukiwa sokoni na makanisani, wao wamo mtaroni na majembe. Barabara haijafungwa, moto zinapita zikiwapigia honi, na wapita njia hawajui hata wanafanya nini.

Wiki hii ninawapa wanafunzi wangu kazi, nawe msomaji nakukaribisha uifanye. Tafuta nyumbani kwenu mtu anayekumbuka kubeba ingobyi, au aliye katika kimina cha akiba cha mtaa, au katika kwaya, au katika jamaa wanaozika. Muulize walikuwa wangapi, nani alipanga zamu, na ilikuwaje siku alipokosekana mtu mmoja. Andika majibu yake kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja. Kisha, upande wa pili wa karatasi, andika majina ya watu tisa ambao ungewatuma waitwe usiku wa manane ukifiwa. Upande huo sitausahihisha.